Jibu: ratiba ya kikundi cha historia, Tongoni

Mkuu umeuliza miezi ijayo tunaenda wapi na kama asiye wa kijiji anaruhusiwa, ruksa kabisa, njoo tu na buku mbili ya chai. Tunaanzia hapahapa magofuni Tongoni, msikiti wa kale na makaburi zaidi ya 40, watu wanapita barabara ya Pangani kila siku na hawajawahi kukata kona kuyaona, inasikitisha kwa kweli. Halafu kuna mzee aliyekata mkonge miaka mingi atatupigia stori za mashambani, hapo ndo nangoja kwa hamu maana mkonge umeanzia huku kwetu, yule Mjerumani Hindorf aliuagiza toka Florida 1893 na miche 62 tu ndo ilifika mizima, ikapandwa Kikokwe karibu na Pangani, mkoa mzima wa Tanga ukaja kula kwa hiyo miche. Baadae tunaenda Pangani yenyewe, boma na habari za Abushiri, yule aliyeongoza vita dhidi ya Wajerumani hapa pwani, akanyongwa hukohuko Desemba 1889. Nauli kila mtu ajilipie. Vaa viatu vya kufunika, magofuni miiba kibao, na kama una babu anayekumbuka enzi za mkonge mlete bwana.