Akili mnemba kwenye biashara ya familia: mkalisheni kijana pamoja na mwenye kuijua kazi

Familia yetu ina nyumba ya wageni Kiponda, Mji Mkongwe. Aliianzisha babu, sasa wanaiendesha mama na ami, na sisi vijana tunasaidia. Tangu ChatGPT, programu ya akili mnemba inayojibu kwa maandishi, ilipotoka mwishoni mwa 2022, jamaa wenye biashara kama yetu huniuliza waanzie wapi kuitumia akili mnemba. Nawaambia: kazi hii msimwachie peke yake kijana anayejua simu. Akae na mtu mzima anayeijua biashara.

Sababu hii hapa. Mgeni kutoka Italia aliuliza atafikaje kwetu akitoka uwanja wa ndege. Mdogo wangu akaiomba akili mnemba jibu, likaja Kiitaliano, limepangika, lina adabu. Mama akataka asomewe kwa Kiswahili kwanza. Ndani mlikuwa na ahadi kwamba teksi itamshusha mgeni mlangoni. Mlango gani? Kwenye vichochoro vyetu gari haipiti. Mgeni hushukia barabarani, akapokewa mizigo, wakaja kwa miguu. Angefika usiku na masanduku yake akatafuta hiyo teksi ya mlangoni, ingekuwa lawama kwetu.

Programu hizi hutunga maneno kwa kufuata mazoea ya maandishi mengi zilizofunzwa nayo. Nyumba yako hazijapata kuijua, na pale pasipo na habari hujazia lenye kuelekea kuwa kweli. Kwa hiyo zipeni habari nyinyi wenyewe. Tulikaa na mama, yeye anasema, mdogo wangu anaandika: gari linasimama wapi, nani anampokea mgeni wa usiku, chakula cha asubuhi kinakuwaje mwezi wa Ramadhani, bei ya masika na bei ya msimu, na vitu tusivyonavyo, kama lifti na bwawa la kuogelea. Ukurasa huo tunaubandika kila tunapoomba jibu. Na hata mkiiacha akili mnemba kesho, uandikeni. Mambo hayo yote yalikuwa kichwani mwa mama tu, na mtu akiumwa wiki moja kila kitu husimama.

Ami alikuwa mzito kukubali, na haki yake. Kiitaliano chake alikipata kwa kuzungumza na wageni miaka na miaka, leo anaona simu inakiandika. Mwenye biashara, usilipuuze hilo. Ugomvi wa ndugu unavunja biashara upesi kuliko hasara. Tulimwomba awe yeye msomaji wa kila jibu la Kiitaliano kabla halijatoka. Hurekebisha mengi, hasa pale maneno yanapokuwa makavu kama barua ya ofisini.

Punguzo la bei na deni ni vya mama. Simu haimjui mteja aliyetuletea wageni mwaka tuliokuwa hatuna mtu.

Pasipoti za wageni msizipige picha mkazipakia kwenye programu hizi. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na mgeni amekupa pasipoti umwandikishe, basi.

Hesabu ziwekeni mwisho. Akili mnemba inaweza kusoma picha ya daftari la mkono, lakini 1 na 7 za mama huzichanganya, na kwenye kujumlisha pia hukosea huku ikijibu kwa uhakika. Jumlisheni kwenye Excel, kisha mlinganishe na daftari mstari kwa mstari.