Kwa wanaoanza somo la seli: fuateni kromosomu kabla ya kukariri hatua

Kila mwaka wanafunzi wapya wa kidato cha tano hapa Dodoma huingia maabara wakiwa tayari wamekariri majina ya sehemu za seli, na wengi wao huweza kuchora seli ya mmea bila kufungua daftari. Kazi huanza kuwa ngumu pale wanapoinamia hadubini na kutakiwa wachore kile walichokiona, kwa sababu mkono hurudi kwenye mchoro wa kitabuni na jicho huachwa nyuma. Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni kwamba usichore kitu ambacho hukukiona.

Chukua kitunguu chekundu, hivi vya Singida vinavyouzwa sokoni vinafaa sana, ukikate vipande vinne na ubandue tabaka moja nene. Upande wake wa nje una ngozi nyembamba ya zambarau ambayo huvuliwa kwa koleo ndogo. Itandaze katika tone la maji juu ya slaidi, kisha ushushe kioo cha kufunikia kwa mshazari, polepole, ili hewa itoke. Vinginevyo utachora viputo ukidhani ni viini, jambo ambalo nimelikuta katika madaftari mengi kuliko ninavyopenda kusema. Utaona seli ndefu zilizopangika, kila moja ikiwa na ukuta wake, na rangi ya zambarau ikiwa imejaa ndani ya vakuoli, mfuko wa majimaji ambao huchukua sehemu kubwa ya seli hata kiini husukumwa pembeni. Ongeza tone la maji ya chumvi na usubiri kidogo: maji yatatoka ndani ya seli, ile zambarau itajikunyata, na utando wa seli utaachana na ukuta. Hapo tofauti ya utando na ukuta itakuwa imeonekana kwa macho, na hakuna maelezo ya ubaoni yanayoifikia.

Kloroplasti hutaziona, kwa kuwa sehemu hii ya kitunguu haitengenezi chakula kwa mwanga wa jua. Ribosomu, chembe zinazotengeneza protini, nazo ni ndogo mno kwa hadubini ya mwanga, hivyo anayeziweka katika mchoro wa zoezi hili ameziokota kitabuni.

Ngozi hiyo haitakuonyesha seli zikigawanyika. Kwa hilo tunahitaji ncha ya mzizi. Weka kitunguu juu ya gilasi ya maji, kitako kikigusa maji kidogo tu, na baada ya siku chache mizizi myeupe itachomoza. Kama maji ya kisima unayotumia yana chumvi nyingi, tafuta ya mvua, maana chumvi hudumaza mizizi. Kata milimita moja au mbili za mwisho, uzilainishe kwa asidi hidrokloriki iliyopashwa moto, uzitie rangi inayoshika kromosomu, yaani nyuzi za DNA zinazobeba urithi, kisha uzibonyeze chini ya kioo. Asidi hiyo ni kazi ya mwalimu au ya fundi wa maabara kukusimamia.

Msishangae kukuta seli nyingi hazifanyi chochote kinachoonekana. Ziko katika interfasi, kipindi kirefu ambamo seli hukua na kunakili DNA yake, na mgawanyiko wenyewe ni sehemu fupi tu ya maisha yake. Walther Flemming, Mjerumani aliyechapisha mwaka 1882 maelezo yake ya mitosisi, yaani mgawanyiko unaotoa seli mbili zenye kromosomu zilezile, alifika huko kwa kuzitia rangi na kuzipanga kwa mfuatano seli ambazo nyingi zilikuwa zimekwisha kufa, na ndivyo nanyi mtakavyofanya.

Sasa hesabu, ambapo wengi hukwama. Seli ya mzizi wa kitunguu ina kromosomu 16. Baada ya DNA kunakiliwa, kila kromosomu huwa na nakala mbili, ziitwazo kromatidi, zilizoshikana mahali paitwapo sentromea, lakini bado tunahesabu 16, kwa sababu kinachohesabiwa ni sentromea. Katika hatua ya metafasi kromosomu hizo 16, zenye kromatidi 32, hujipanga katikati ya seli. Katika hatua inayofuata, anafasi, sentromea hugawanyika, kila kromatidi huwa kromosomu kamili, na kwa muda mfupi seli moja huwa na kromosomu 32. Mwishoni kila seli mpya hupata 16. Ukiweza kueleza namba hizo bila kubabaika, majina ya hatua yatakuja yenyewe.

Meiosisi, mgawanyiko unaoleta seli za uzazi, huwachanganya watu mahali pamoja tu. Katika mgawanyiko wa kwanza zinazoachana ni kromosomu zilizo jozi, si kromatidi, kwa hiyo kila seli hubaki na kromosomu 8, kila moja ingali na kromatidi mbili. DNA hainakiliwi tena. Mgawanyiko wa pili hutenganisha kromatidi, na matokeo ni seli nne zenye kromosomu 8 kila moja. Kabla ya kuachana, jozi hizo hubadilishana vipande, na kila jozi hujipanga bila kutegemea nyingine, ndiyo maana seli hizo nne hazifanani. Mkulima wa zabibu wa Hombolo, hapa Dodoma, hupanda pingili kwa sababu hiyohiyo: pingili hukua kwa mitosisi na kuwa mzabibu uleule aliouchagua, wenye kromosomu zake 38, ilhali mche wa mbegu hutokana na seli za uzazi zilizopitia meiosisi na huenda ukazaa zabibu za aina nyingine kabisa.