Umeme au elektroniki kwenye Jeshi la Anga la Marekani: niliyoyaona kwa miaka 6

Mdogo wangu, umesema una cheti cha umeme cha VETA, umeingia Texas kwa grini kadi, na afisa uandikishaji amekuwekea mbele fani mbili: umeme wa kambi au elektroniki za ndege. Mimi nilikuwa fundi umeme wa kambi. Niliyeishi naye chumba kimoja alikuwa wa elektroniki za ndege, kwa hiyo nimeziona zote kwa karibu.

Anza na uraia, maana wengi huambiwa wakiwa wameshachelewa. Kazi nyingi za elektroniki, za rada, mawasiliano na vifaa vya kuongozea ndege, zinadai kibali cha usalama, yaani ruhusa ya kushika siri za serikali, na asiye raia hapewi kibali hicho. Sheria inamruhusu mwanajeshi kuomba uraia bila kungoja miaka 5 kama wenye grini kadi wengine. Ukishaupata, unaweza kuomba kubadili fani. Mimi niliingia umeme kwa sababu mlango huo ndio uliokuwa wazi, nikaupenda, nikabaki.

Usidhani umeme wa kambi ni kufunga soketi. Chukua taa za njia ya kurukia ndege. Hazijaungwa sambamba kama za nyumbani, zimeungwa mfululizo, moja baada ya nyingine kwenye kebo moja. Kuna mashine inayoshikilia mkondo usibadilike, ampea 6.6 mwanga ukiwa wa juu kabisa, na kila taa ina transfoma yake ndogo ardhini ili balbu moja ikiungua nyingine ziendelee kuwaka. Volti kwenye kebo hiyo zinaweza kufika maelfu. Usiku mmoja wa mvua upande mzima wa taa ulianza kufifia. Tulizima, tukafunga kufuli zetu kwenye swichi, kisha tukaipima kebo kwa mega, kifaa cha kupima kama ganda la kebo bado linazuia umeme kuvuja, kipande baada ya kipande, tukifungua mashimo ya kebo yaliyojaa maji. Karibu na alfajiri tukakuta kiungio kimoja kimepasuka na umeme unavujia ardhini. Ndege ya kwanza ilipotua nilikuwa nimesimama pale na matope hadi magotini. Furaha ile sijawahi kuipata kwenye kazi nyingine.

Na nguzo utapanda, kwa mkanda na viatu vya miiba. Kama unaogopa urefu, sema mapema.

Mwenzangu alikuwa na shida za aina nyingine. Rubani anarudi anasema redio ilikatika angani mara mbili, lakini ndege ikiwa chini redio inafanya kazi vizuri. Unasoma michoro, unapima, unabadilisha boksi, tatizo linarudi wiki ijayo, halafu unakuta ni pini moja ya plagi iliyolegea. Inahitaji mtu mwenye subira, anayependa kusoma vitabu vya ufundi, vyote kwa Kiingereza kigumu. Alama ya elektroniki inayodaiwa kwenye ASVAB, mtihani wa kuingia jeshini, nayo ni ya juu kuliko ya umeme wa kambi. Kama hesabu na Kiingereza chako bado ni vya kusukuma, jipe miezi ya kusoma kwanza.

Baada ya jeshi, umeme unakufuata popote. Hapa Texas leseni ya fundi umeme kamili (journeyman) inadai saa 8,000 za kazi chini ya usimamizi wa bwana fundi, na rekodi zangu za jeshini zilinisaidia sana. Hata ukirudi Dodoma kesho, ujuzi huo unakula nao. Elektroniki inalipa vizuri kwenye kampuni za ndege, na kile kibali cha usalama chenyewe ni mali, lakini kazi hizo zimekusanyika kwenye miji michache.

Kwa cheti ulicho nacho na grini kadi yako, mimi ningekwenda umeme. Ila hakikisha jina la kazi limeandikwa kwenye mkataba. Ukisaini mkataba wa kundi la jumla, watakupangia wao. Na kapime macho: anayechanganya rangi hazimfai zote mbili. Ukipata alama zako ziweke hapa kabla hujasaini, tuziangalie pamoja.