Mbegu ya Maharage Ichague Shambani, Si Kwenye Ungo

Misimu mitatu nilichagua mbegu kama nilivyomwona mama akifanya hapa kwetu Lushoto: unamwaga maharage kwenye ungo, unatoa punje nene zinazong'aa, unazichanganya na majivu unaweka. Mbegu ilipendeza kweli, lakini madebe hayakuongezeka hata kidogo.

Ungo haukuonyeshi shina lililozaa punje ile. Mavuno ya shina ni idadi ya maganda, mara punje kwa kila ganda, mara uzito wa punje, na sifa hizi huvutana kwa kuwa chakula cha shina ni kilekile. Mara nyingi punje nono imetoka kwenye shina lenye maganda machache.

Masika moja nilifunga vipande vya kanga kuukuu kwenye mashina yaliyobeba sana, nikapima kwa mizani ya jikoni. Shina la punje kubwa: maganda 9, punje nne nne, gramu 16. Jirani yake wa punje ndogo: maganda 18, punje tano tano, karibu gramu 20. Nilirudia kuhesabu, siamini.

Kwa hiyo anza na maganda. Chagua katikati ya shamba. Shina la pembeni hubeba sana kwa sababu ya nafasi tu, na sifa hiyo hairithiwi. Lenye madoa kwenye majani au maganda liache hata likizaa vipi, maana chule, ugonjwa wa madoa, husafiri na mbegu.

Halafu, na hapa wengi hukosea, usichanganye. Kila shina liwe na bahasha yake, na msimu unaofuata liwe na mstari wake. Maharage hujichavusha yenyewe, hivyo watoto hufanana sana na mzazi. Mwaka 1903 Mdenmaki Wilhelm Johannsen alionyesha kwa maharage haya haya kwamba ndani ya ukoo mmoja halisi, yaani uzao wa shina moja, punje kubwa na punje ndogo huzaa watoto wa wastani uleule. Faida iko katika kulinganisha koo, yaani mistari.

Mstari ulioshinda wote kwa maganda hatukuuchukua, ingawa iliniuma. Punje zake zilikuwa ndogo mno, na wanunuzi wa Soni hushika kiganjani kwanza ndipo wataje bei. Tulichukua ulioufuata, wa punje za kati, na ndio uliopandwa shamba zima vuli hii.