Muulize Mwalimu: Jogoo wa Wimbo wa Taifa

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Siku ya Jamhuri iliyopita shemeji yangu wa Garsen alikuwa mgeni wetu hapa Kisii. Wimbo wa taifa letu la Kenya ulipopigwa kwenye runinga tulisimama wote, na ulipokwisha akaangua kicheko: "Mnajua mmesimamia wimbo wa kumlaza mtoto wa Kipokomo?" Nikamwambia akajisifie kwingine. Ubishi ulipanda hadi tukawekeana dau la jogoo. Anashikilia kwamba wimbo ni wa kwao, na kwamba wabunge wanaweza kuubadilisha vivi hivi, kama wanavyobadilisha kodi. Mimi nasema umo kwenye Katiba, na Katiba haiguswi bila kura ya maamuzi. Jogoo ni wa nani?
– Msomaji, Kisii

JIBU: Marahaba. Jogoo asichinjwe kwanza.

Kuhusu kumlaza mtoto, shemeji yako amesema kweli tupu. Mahadhi ya "Ee Mungu Nguvu Yetu" ni ya bembelezi ya Wapokomo wa Mto Tana, na anayetajwa kuyatoa ni Mzee Meza Morowa Galana. Mwaka 1963 yaliingia mikononi mwa kamati ya watu watano: Graham Hyslop aliyeiongoza, George Senoga-Zake, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi. Wakayapanga upya, wakayatungia maneno, na Desemba 12 mwaka huohuo tukayaimbia uhuru. Katika bembelezi yenyewe mama anamwita mnyama aje amle mtoto anayelia, kwa hiyo tulikotoka ni mbali. Kama bado huamini, ondoa ngoma na matarumbeta, umpakate mjukuu, uuimbe polepole mno. Mimi nilifundisha muziki shule za msingi hadi nikastaafu, na jaribio hilo halijaniangusha.

Nilipata kufundisha huko Tana River pia. Mtoto mmoja wa darasa la tatu aliniapia kwamba "haki iwe ngao" ni kijiji cha Ngao, kule kule kwa kina shemeji yako. Sikumsahihisha upesi. Alikuwa anaimba kwa nguvu kuliko darasa zima.

Sasa Katiba. Hapo nyote wawili mmeteleza, ila wewe umeteleza kidogo. Kifungu cha 9 cha Katiba ya 2010 kinataja alama za taifa kuwa ni bendera, wimbo, nembo na muhuri wa umma, na Jedwali la Pili linauchapa wimbo wote, beti tatu, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Kubadilisha hata neno moja ni kurekebisha Katiba. Mswada wa namna hiyo ukishasomwa mara ya kwanza hukaa siku 90 kabla ya kusomwa mara ya pili, kisha kila bunge liupitishe kwa thuluthi mbili ya wanachama wote, kusomwa kwa pili na kwa tatu. Katika Bunge la Taifa ni kura 233, katika Seneti 45. Kodi haisumbuliwi hivyo, ndiyo maana inapanda kila mwaka.

Lakini kura ya maamuzi? Hapana, ndugu yangu. Kifungu cha 255 kinaorodhesha mambo ambayo lazima yaje kwetu wananchi: mipaka ya nchi, muhula wa rais, uhuru wa mahakama, malengo ya ugatuzi na mengineyo. Wimbo haumo.

Kuna jambo hapa linalonikosesha usingizi kidogo. Kiswahili kina neno moja, haki, kwa mambo mawili: haki ile hakimu anayoitoa, na haki ile mtu anayozaliwa nayo. Ubeti wa Kiingereza umebeba ile ya hakimu tu. Tukiimba kwa Kiswahili tunaziomba zote mbili kwa pumzi moja, nami ndiyo sababu niliwakataza wanafunzi wangu kuanza na Kiingereza. Sasa tazama: haki za Sura ya Nne ya Katiba zimo katika orodha ya kifungu cha 255, mbunge hazigusi bila sisi. Neno haki lililo kwenye wimbo, wabunge 233 na maseneta 45 wanaweza kulifuta, na sisi tukasomewa tu kwenye taarifa ya habari. Sidhani watathubutu. Ila ningelala vizuri zaidi kama lingekuwa chini ya kufuli lilelile.

Kwa hiyo dau: yeye amepata asili ya wimbo, wewe umepata kwamba umo kwenye Katiba, na la kubadilishwa kwake mmekosa wote. Mwambie auimbe ubeti wa tatu, ule wa "natujenge taifa letu", mwanzo hadi mwisho bila kuguna katikati. Akishindwa, jogoo ni wako. Ila fanya mazoezi kwanza, maana atakuambia uanze wewe.