Usipike huo uyoga, gogo si cheti

USIPIKE. Weka chini hiyo sufuria kwanza ndio tuongee. Umeuliza kama ule uyoga ulitoa kwa gogo lililoanguka pale bustanini Nakuru unaliwa, unakaushwa aje, na kama ule mgumu unaweza chemshia mama wa presha, halafu ukamalizia "si ni wa kwa mti, wa kwa mti hauna sumu". Hayo maneno ya mwisho ndiyo yamefanya niwache chakula mezani nianze kuandika, maana ni hayo hayo yalitulaza wodini mimi na shemeji yangu.

Mimi ni wa Kakamega. Obwoba, yaani uyoga, tumekula tangu utotoni, lakini ule kukhu, nyanya yetu, alikuwa anatutuma ni wa kichuguu, ule unatoka mvua zikianza, na yeye alijua ni kichuguu gani kinatoa gani. Hakuwahi kututuma tukavune kwa gogo. Sasa kukatokea jamaa kwa grupu ya WhatsApp, anauza mbegu za uyoga na "mafunzo", akasema uyoga wa sumu unamea ardhini na una mwavuli, wa kwa mti uliokufa wote ni chakula ama dawa, na ukiona konokono ameula basi na wewe kula bila wasiwasi. Watu wakamimina makofi.

Tukapata gogo kwa bustani moja Kisumu baada ya mvua ya Aprili. Juu kulikuwa na ule mgumu, kahawia inayong'aa, umeshikilia mti mpaka unaung'oa na panga. Ukiugeuza, chini ni kweupe, pana vitundu vidogo sana, na ukikwaruza na ukucha hapo panabadilika kuwa kahawia. Huo ni wa jamii ya Ganoderma, hata uchemshe mchana kutwa hautafuniki. Lakini upande wa chini wa gogo hilo hilo, penye unyevu, kulikuwa na mwingine laini, umepangana pangana, na huo ukiugeuza hauna vitundu, una kurasa nyembamba kama za kitabu. Hapo ndipo balaa ilipoingia! Gogo moja, uyoga aina mbili, na sisi tukauhesabu wote kuwa mmoja. Ule laini ulifanana na oista, ule uyoga wa kuliwa wa supamaketi, tukaupiga picha tukamtumia jamaa, akajibu hata kabla picha haijamaliza kufunguka, "Oista hiyo bosi, kula." Picha ilikuwa ya juu tu. Chini hakuuliza, shina hakuuliza, mti gani hakuuliza. Mtu kama huyo ukimnyonyolea kuku wa kienyeji na wa gredi hatakwambia ni yupi.

Tukakaanga na kitunguu na nyanya, ikanukia vizuri na ladha ilikuwa tamu, kwa hivyo usidhani sumu lazima iwe chungu. Kabla ya taarifa ya saa tatu wote wawili tulikuwa tunatapika, shemeji anaharisha mpaka misuli ya miguu inamkaza, tukapakiwa kwa bodaboda usiku.

Daktari aliuliza mambo mawili tu. Mlikula saa ngapi na kutapika kukaanza saa ngapi? Na kipande kibichi kiko wapi? Kipande tulikuwa tumetupa kwa choo, na hiyo ndiyo ilitumaliza pesa, kwa sababu bila kujua ni uyoga gani ilibidi watuchukulie kama wa ile sumu mbaya kabisa, drip, kulazwa, damu inatolewa kila mara kupima ini na figo. Alitueleza kwamba ukitapika ndani ya masaa mawili matatu, mara nyingi ni sumu ya tumbo na inapita. Ile ya kuua, amatoksini, inanyamaza masaa 6 mpaka 24 ndio ianze, halafu unapata nafuu unadhani umepona, kumbe ini ndio linaharibika. Kupika hakuitoi. Kukausha hakuitoi. Na kama kwa sufuria kulikuwa na aina mbili, kutapika mapema hakukuhakikishii kitu.

Na huyo jamaa na "wa kwa mti" yake: kuna Galerina, kauyoga kadogo ka kahawia, kanamea kwa mbao zinazooza na kana hiyo hiyo amatoksini. Omphalotus nao ni wa kwa mti na unatapisha vibaya. Konokono naye anakula vitu vinavyoua binadamu, tumbo lake si lako. Tulipomwandikia akatutoa kwa grupu, na mafunzo bado anauza.

Mama wa presha, ngoja kwanza. Ganoderma ni kweli Wachina wameitumia kama dawa karne nyingi, lakini kama anameza za presha ama za kuzuia damu kuganda kama warfarin, inaweza kuzidisha nguvu ya hizo dawa. Muulizeni daktari wake, si grupu.

Kwa hivyo shika hii moja tu: gogo si cheti. Geuza kila kimoja, na kama mtu anayeujua hajaushika mkononi mwake akaangalia juu, chini na ndani, hauingii kwa sufuria. Picha haitoshi, hata ungepiga ishirini.

Huo uko nao sai, toa kipande kizima cha kila aina, funga kwa karatasi, si plastiki, weka kwa friji mbali na watoto. Na kama kuna mtu hapo nyumbani ameshaonja, hata akisema yuko sawa, mpeleke hospitali na hicho kipande, usingoje atapike.