Panadol, Brufen au Diclofenac: Namna ya Kuchagua Dawa ya Maumivu

Kwa kuwa mimi ndiye ninayemnunulia mama dawa za magoti, na mama ana presha, nimelazimika kuzoea kusoma maandishi madogo yaliyo mgongoni mwa pakiti. Nawashauri wanaouguza wazazi nyumbani watazame jina la dawa yenyewe kabla ya jina la biashara: Panadol ni parasetamoli, Brufen ni ibuprofeni, Voltaren ni diklofenaki. Dawa nyingi za mafua nazo zina parasetamoli, kwa hiyo anayezimeza pamoja na Panadol huweza kuzidisha dozi bila kujua. Mtu mzima asivuke gramu 4 kwa saa 24, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, na mwenye ugonjwa wa ini au mnywaji wa pombe amwulize daktari kwanza.

Wapo wanaoomba diklofenaki dukani wakidhani ni Panadol iliyoongezwa ukali. Parasetamoli hutuliza maumivu na kushusha homa, lakini uvimbe haiuwezi. Ibuprofeni na diklofenaki, ambazo ni za kundi moja, huzuia mwili usitengeneze prostaglandini, kemikali zinazochochea uvimbe na maumivu. Shida ni kwamba kemikali hizohizo hulinda ukuta wa tumbo na kusaidia damu ifike vizuri kwenye figo. Kwa sababu hiyo vidonge hivyo ni hatari kwa mwenye vidonda vya tumbo au figo dhaifu, huweza kuamsha pumu kwa baadhi ya watu, na hupandisha presha huku vikipunguza nguvu ya dawa za presha zenyewe. Mjamzito naye asivitumie bila daktari. Kumeza vyote viwili kwa pamoja ni kujitafutia madhara, kwa kuwa vinafanya kazi ileile.

Huko Uingereza ibuprofeni ilianza kutolewa mwaka 1969 kwa cheti cha daktari tu, na mwaka 1983 ikaruhusiwa kuuzwa bila cheti. Anayejinunulia huishia miligramu 1,200 kwa siku, ilhali daktari anaweza kuandika hadi 2,400, kwa sharti la kumfuatilia mgonjwa. Mimi hulichukulia sharti hilo kwa uzito kuliko bei.

Homa ina utaratibu wake. Parasetamoli huishusha bila kugusa malaria iliyoileta, basi kipimo kifanyike mapema. Na pale dengi inaposhukiwa, kama inavyotokea Dar es Salaam misimu ya mvua, ibuprofeni, diklofenaki na aspirini ziachwe kabisa kwa sababu huongeza hatari ya kutokwa na damu.

Kuhusu magoti ya mama, daktari alimwandikia jeli ya diklofenaki, ambayo huingia kwenye damu kwa kiasi kidogo sana kuliko kidonge, na parasetamoli kwa siku ambazo maumivu yanamzidi. Analalamika kwamba jeli inanata kwenye khanga, lakini anaipaka.